Maisha ya Daktari Adrian Atiman wa Karema

Kila mwaka hapa Bariadi twapokea walimu wapya na watumishi wengine watokao Mwanza, Arusha na Dar es Salaam. Tangu mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, na Bariadi kufanywa makao yake, wageni wa namna hii tumewazoea. Twawalaki kwa furaha, lakini baada ya majuma machache twaona nyuso zao zimebadilika. Mmoja akumbuka upepo wa ziwa na samaki wabichi wa jioni. Mwingine akumbuka kwaya yake na rafiki waliokuwa wakiimba pamoja naye. Mwingine asema ya kuwa chakula apata na nyumba anayo, ila hana mtu wa kuzungumza naye juu ya kazi yake. Sisi tuliozaliwa huku huenda tukawacheka. Si vizuri kuwacheka. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu pia, katika kitabu hiki cha jubilei tumetaka kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeacha mji mkubwa akakaa mahali padogo miaka 67.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi, wateka watumwa walimkamata wakamvusha jangwa la Sahara hata Algeria. Huko Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha mwaka 1876, wakampeleka Algiers kusoma. Basi hamu yake ya kwanza haikuwa hamu ya mji. Ilikuwa hamu ya nyumbani, alikotolewa kwa nguvu bila kuagana na mtu.

Wakati ule Askofu Mkuu wa Algiers alikuwa Lavigerie, ambaye mwaka 1882 alifanywa Kardinali. Yeye alikuwa na shauri la kuwafundisha vijana Waafrika uganga wa kisayansi, wapate kuwatibu watu wa bara na kuwafundisha dini pamoja. Kwa shauri hilo Atiman alipelekwa kisiwa cha Malta, akasoma udaktari katika chuo kikuu cha huko, chuo cha zamani sana. Mji wa Valletta ni mji wa mawe, wenye bandari kubwa na makanisa mengi. Tena miaka ile ilikuwa miaka ya maarifa mapya. Mwaka 1887, Atiman angali Malta, tabibu Mwingereza David Bruce alitangaza ya kuwa amevumbua kijidudu kiletacho homa iliyowasumbua watu wa kisiwa kile. Kijana asomaye uganga mahali kama pale alikuwa amekaa penye kisima chenyewe.

Mwaka 1888 alimaliza masomo, akapanda meli kuja Zanzibar. Toka pwani hakukuwa na reli wala barabara ya magari. Safari ya bara ilikuwa ya miguu, pamoja na wapagazi, nayo ilikuwa ya miezi. Mwaka 1889 aliingia Karema, pwani ya mashariki ya ziwa Tanganyika. Hapo palikuwa na boma walilolianza Wabelgiji mwaka 1879, nao waliwaachia Mapadre mwaka 1885. Mbali na boma na misioni, palikuwa vijiji, pori na ziwa.

Sasa tujiulize, mtu kama huyu alikosa nini? Hatudai kujua siri za moyo wake. Lakini baadhi ya mambo aweza kuyahesabu kila mtu. Alikosa mwenzi wa kazi. Huko Malta, mgonjwa akimshinda, palikuwa na mwalimu wa kumwuliza. Huku, akishika kisu cha kupasua, uamuzi ulikuwa wake peke yake, na kosa lilikuwa lake peke yake. Alikosa pia habari za kazi yake. Alisoma uganga kabla haijathibitishwa ya kuwa mbu ndiye achukuaye malaria. Jambo hilo Ronald Ross alilivumbua mwaka 1897, naye Atiman alikwisha kutibu homa huku miaka minane. Picha za mifupa ndani ya mwili zilivumbuliwa mwaka 1895, naye yuko Karema. Themistocles Zammit, aliyesoma udaktari Malta miaka ile ile, alibaki kwao, na mwaka 1905 akaonyesha ya kuwa ile homa ya Malta yatoka katika maziwa ya mbuzi. Sifa yake ikaenea duniani. Hivyo walioachwa mjini waliendelea mbele, na aliyekwenda bara hakuweza kufuatana nao. Twadhani hili ndilo linalowauma hata walimu wetu: hofu ya kusahauliwa, na hofu ya kusahau waliyojifunza.

Atiman alifanyaje? Alijifunza upya, na walimu wake sasa walikuwa watu wa Karema. Alijifunza lugha yao, akajifunza na dawa za miti pamoja na zile alizozijua. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na tangu siku hiyo hakuwa mgeni tena, alikuwa mkwe. Mwana wao Yosefu alipewa upadre mwaka 1923. Baba aliendelea kutibu na kupasua, kufundisha dini na kuwakesha wagonjwa. Miaka ikapita, dunia ikaanza kumfuata: reli ikafika Kigoma mwaka 1914, kisha meli Liemba ikaanza kupita ziwani mwaka 1927. Yeye alibaki pale pale, akafa huko Karema mwaka 1956, akiwa mzee wa miaka 90 hivi.

Wapenzi wasomaji, tusiseme ya kuwa Atiman hakuona hamu kwa sababu alikuwa mtu mwema. Kuona hamu si dhambi, wala si uvivu. Aliyependa mahali pake pa kwanza ndiye awezaye kupenda na mahali pa pili. Lakini twaona ya kuwa hamu yake haikutulizwa kwa kungoja barua ya uhamisho. Ilitulizwa kwa kuhitajiwa, na kwa kupata watu wake.

Hapo ndipo penye kazi yetu sisi wenyeji. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twamsikia mtu akilitaja neno hilo kana kwamba ni la kumfukuza mgeni. Kumbe ni la kumpokea, maana anayepewa jembe apewa na shamba. Basi mwalimu mpya akija Bariadi, tusimwachie nyumba tupu na Jumapili ndefu. Tumkaribishe mezani, tumtie katika kwaya, tumwombe awafundishe watoto wetu lile alijualo kuliko sisi. Watu wa Karema walimpa Atiman lugha, mke na kazi, naye akawapa maisha yake yote.