Louis Rwagasore: Mwana wa Mwami Aliyeanzia kwa Wafanyabiashara

Kila tarehe 13 Oktoba sisi tuliotoka Kinama humkumbuka Louis Rwagasore, na ndugu zetu wa mashirika hutuuliza alikuwa nani.

Alizaliwa Gitega mwaka 1932, mtoto wa Mwami (yaani mfalme) Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, kisha Ubelgiji. Aliporudi angeweza kuishi kwa heshima ya baba yake tu. Lakini mwaka 1957, mjini Usumbura, ambao sasa ni Bujumbura, aliunda Ushirika wa Wafanyabiashara wa Burundi ili wenye maduka madogo wajitegemee. Ushirika ulikwama kifedha, na utawala wa Wabelgiji haukuupenda. Hata hivyo Waswahili wa mtaa wa Buyenzi hawakumwacha. Nguvu zake mjini zilitoka kwao.

Katika chama cha UPRONA aliwakusanya Wahutu na Watutsi pamoja. Mwishoni mwa 1960 Wabelgiji walimwekea kifungo cha nyumbani. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64, naye akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba aliuawa kwa risasi. Mahakama iliwatia hatiani wapinzani wake wa siasa. Uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 hakuuona.

Miaka ya 1990 vita vya kikabila viliwatoa wazazi wetu Kinama. Leo, katika soko la kambi, tunakopeshana unga na sabuni bila kuulizana kabila. Hiyo ndiyo kumbukumbu yake. Tuitunze, ndugu zetu, ili siku ya kurudi twende nayo Kinama.