Shaaban Robert na Mfalme Asiye na Kipindi

Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Desemba ya mwaka huohuo Tanganyika ikawa jamhuri na kupata rais wake wa kwanza. Kwa hiyo huyu mzee wetu wa Tanga hakuishi hata siku moja chini ya rais. Lakini mdahalo wa vyama na ukomo wa urais ukipamba moto pale vimbweteni, mimi humkumbuka yeye kabla ya wanasheria.

Alizaliwa Vibambani, pande za Machui, kusini kidogo mwa mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam, kisha mwaka 1926 akaanza ukarani wa forodha, kazi iliyomweka miaka mingi huku pwani, Pangani ikiwemo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili akahamishiwa Mpwapwa, na mwaka 1946 akarudi Tanga, ofisi ya wilaya. Baadaye akaingia idara ya upimaji. Yaani karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akila mshahara wa bwana ambaye hakuna aliyempigia kura na ambaye kura isingemwondoa. TANU ilipoundwa mwaka 1954, watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga. Sasa mtu kama huyo aseme wapi? Alikuwa ameshaanza kusema hadithini.

Kusadikika kilitoka mwaka 1951. Wengi wetu tulikisoma kwa ajili ya mtihani tu, na nadhani ndiyo sababu tunakumbuka nchi inayoelea angani na kusahau kesi. Karama anashitakiwa kwa kosa la kufundisha sheria. Mshitaki wake ni waziri, Majivuno. Badala ya kuomba radhi, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi na ushauri wa mabadiliko, na kila mmoja akaishia gerezani. Mwishoni mfalme anashawishika. Karama anaachiwa huru, na wale sita wanafunguliwa.

Tulipokuwa sekondari tuliambiwa haki imeshinda. Mimi naona mfalme ndiye aliyeamua, basi. Mfalme yuleyule, ambaye chini yake wajumbe sita walifungwa, siku hiyo alikuwa tayari kusikiliza. Angeamka vibaya je? Hakuna Bunge lililomhoji, wala chama kingine kilichosubiri nafasi. Simlaumu mwandishi, maana karani wa mwaka 1951 alikuwa anaandika kuhusu utawala alioujua.

Sisi tulio baada yake tumepata zaidi. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yaliweka ukomo wa vipindi viwili vya urais. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima. Walio wengi walisema chama kimoja kibaki, lakini Tume ikapendekeza vyama vingi, na Julai 1992 sheria ikabadilika. Tangu hapo marais wamepokezana Ikulu, chama kimekuwa kilekile.

Wenzangu husema hilo si tatizo, kwani mtu anaondoka baada ya miaka 10, mnataka nini tena? Lakini hebu tuitazame Katiba vizuri. Ibara ya ukomo inabadilishwa na theluthi mbili ya wabunge. Chama kimoja kikishika zaidi ya theluthi mbili ya viti, ukomo huo unabaki salama kwa hisani yake tu, kama Karama alivyopona kwa hisani ya mfalme. Uganda waliufuta mwaka 2005 bungeni, kwa utaratibu wa kikatiba kabisa. Ndiyo maana sioni maana ya kujadili vipindi vya rais leo na mfumo wa vyama muhula ujao, kana kwamba ni mada mbili. Na ningependa kifungu cha ukomo kisiguswe bila kura ya maoni ya wananchi wote.

Kama ningepewa ruhusa ya kuongeza sura moja kwenye kitabu cha mzee wa Vibambani, ningemtuma mjumbe wa saba, akatafute nchi ambako mfalme huondoka tarehe yake ikifika, awe anapenda au hapendi.