Mchungaji Oberlin na Viongozi wa Watoto Wadogo

Katika kitabu cha Jubilii ni desturi kuwakumbuka watu waliojenga makanisa na shule kubwa. Lakini iko kazi nyingine ambayo mara chache huandikwa katika habari za sherehe, nayo ni kazi ya kuwaongoza watoto wadogo ambao hawajafikilia umri wa kuingia shuleni. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo haitaki elimu wala haistahili ujira, bali yatosha kumpa msichana yeyote aliye karibu. Johann Friedrich Oberlin hakudhani hivyo. Kwa hiyo twaona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa walimu, habari za maisha yake.

Oberlin alizaliwa katika mji wa Strasbourg, nchi ya Ufaransa, tarehe 31 Agosti 1740. Baba yake alikuwa mwalimu, naye mwenyewe alisoma sana hata akawa tayari kwa kazi ya uchungaji. Mwaka 1767 alikuwa akikaa katika chumba kidogo chini ya paa, akitazamia kwenda kuwa mchungaji wa askari. Ndipo akajiwa na mchungaji mwingine, jina lake Stuber, aliyekuwa akitafuta mtu wa kushika mahali pake katika milima ya Vosges. Stuber hakumficha neno. Alimweleza kwamba nchi ile ni ya baridi na mawe, na watu wake ni maskini mno. Oberlin alipoyasikia hayo akakubali kwenda.

Nchi hiyo iliitwa Ban de la Roche, na kijiji alichokaa mchungaji ni Waldersbach. Njia zilikuwa mbaya, na mara nyingi theluji iliwazuia watu wasiweze kushuka mabondeni. Lugha yao ilikuwa ya kienyeji, wala wengi hawakujua Kifaransa cha vitabuni. Yasimuliwa ya kuwa Stuber alipofika huko kwanza alimkuta mwalimu mmoja mzee asiyefundisha kitu, kwa sababu hakujua kitu. Zamani alikuwa mchunga nguruwe, na uzee ulipomshinda nguvu wanakijiji wakampa watoto awachunge. Tena jina la ualimu lilidharauliwa hata watu wenye heshima hawakupenda wana wao waitwe walimu. Basi Stuber akabuni jina jingine la heshima kwa kazi ile ile, na vijana wenye akili wakakubali kuishika. Oberlin aliirithi hekima hiyo, akaitumia katika jambo kubwa zaidi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza barabara na daraja. Wanakijiji waliposita, yeye mwenyewe alichukua sululu akaenda mbele, nao wakamfuata. Baadaye akajenga shule vijijini, akaleta mbegu bora za viazi, akawafundisha watu kupanda miti ya matunda. Lakini alipokuwa akipita nyumba kwa nyumba aliona neno lililomchoma moyo. Baba na mama walikuwa mashambani tangu asubuhi hata jioni, na watoto wadogo waliachwa peke yao. Walizurura barabarani, wakajifunza matusi na uvivu kabla hawajajifunza herufi moja. Oberlin akatambua kwamba mtoto anapofika shuleni tayari amekwisha fundishwa mengi, mema au mabaya, wala hakuna aliyeangalia ni nani aliyemfundisha.

Katika kijiji cha Belmont alikuwako msichana, Sara Banzet, aliyezaliwa mwaka 1745. Sara alijua kufuma soksi, naye alikuwa akiwakusanya watoto wa jirani nyumbani kwao na kuwafundisha. Baba yake hakupendezwa, kwa kuwa kazi hiyo ilimpotezea binti yake wakati wala haikuleta faida nyumbani. Hapo wachungaji wengine wangalimwonya yule baba juu ya uchoyo wake, na mambo yangalikwisha. Oberlin hakufanya hivyo. Alijua kwamba mtu maskini hawezi kumtoa binti yake bure. Basi, yapata mwaka 1769, akapatana na baba huyo, akamwajiri Sara, ili afanye kwa ujira kazi ile aliyokuwa akiifanya kwa mapenzi.

Huo ndio mwanzo wa zile zilizoitwa shule za kufuma. Oberlin alipanga vyumba vikubwa katika vijiji, na hapo mwanzo kodi na mishahara vilitoka katika mfuko wake mwenyewe. Wanawake wawili waliwekwa pamoja, mmoja kuangalia kazi za mikono, na mwingine kuangalia mafundisho na michezo. Watoto walio wadogo kabisa walicheza, na waliozidi umri wakafundishwa kufuma, kusokota nyuzi na kushona. Mikono ilipochoka, walionyeshwa picha za wanyama na za mimea, na za habari za Biblia. Walitazama ramani ya nchi yao wenyewe, wakaimba, wakatembea nje kutafuta maua na kujifunza majina yake.

Wanawake hao hawakuitwa walezi wala watumishi. Oberlin aliwaita viongozi wa utoto mchanga. Jina hilo halikuwa pambo tu, kwa maana lilifuatana na mafundisho. Mkewe Oberlin, Madeleine-Salomé, aliyeolewa naye mwaka 1768, alisaidia kuwafundisha na kuwasimamia. Hivyo binti wa mkulima aliweza kuanza akiwa hajui ila kufuma, na mwisho akawa mtu anayeaminiwa na kijiji kizima. Sara Banzet alikufa mwaka 1774, kabla ya kutimiza miaka 30. Lakini kazi yake haikuzikwa pamoja naye, kwa sababu wengine walikuwa wamekwisha tayarishwa.

Miongoni mwa waliomfuata, aliyepata sifa kupita wote ni Louise Scheppler, wa kijiji cha Bellefosse, aliyezaliwa mwaka 1763. Aliingia nyumbani kwa Oberlin kuwa mtumishi alipokuwa na umri wa miaka 15. Mchungaji na mkewe waliona akili yake, nao hawakumfungia jikoni. Wakamfundisha, wakamfanya kiongozi wa watoto. Alitembea toka kijiji hata kijiji, hata nyakati za theluji, akiangalia vyumba vya watoto na kuwasaidia wenziwe.

Mwezi wa Januari 1783 mkewe Oberlin alikufa, akiacha watoto saba. Louise alikuwa na umri wa miaka 19 tu. Akachukua mzigo wote wa nyumba, akawalea watoto hao, wala hakuiacha kazi yake ya vijijini. Baada ya miaka kadhaa alimwandikia Oberlin barua, akamwomba asimpe mshahara tena, bali amhesabu kuwa mtoto wake. Tangu hapo alitumika pasipo ujira.

Hapa, wasomaji wapenzi, yafaa tusimame kidogo, kwa sababu wengi wameisimulia habari hii vibaya. Wako wanaosema kwamba kiongozi wa watoto aliye mwema hatazamii malipo, na Louise ndiye ushahidi wao. Lakini angalieni mambo yalivyofuatana. Louise aliuacha mshahara uliokuwa wake, naye aliuacha kwa hiari, akiwa amepata nyumba na jamaa. Oberlin hakumwomba auache. Tena kazi yenyewe ilianza siku ile Oberlin alipokubali kwamba wakati wa Sara Banzet una thamani. Zawadi ni mali ya mtoaji. Mtu mwingine akiigeuza kuwa sheria juu ya wenziwe, huo ni unyang'anyi.

Oberlin alikaa Waldersbach miaka 59. Alipita katika misukosuko ya Mapinduzi ya Ufaransa, na mwaka 1819 mfalme alimpa nishani kwa ajili ya mema aliyoitendea nchi ile. Akafa tarehe 1 Juni 1826, akazikwa katika kijiji cha Fouday. Katika maneno aliyowaachia watoto wake alimweka Louise mikononi mwao, nao wakataka kumpa sehemu ya urithi kama ndugu yao. Louise akakataa mali, akaomba ruhusa tu ya kulitumia jina la Oberlin pamoja na lake.

Mwaka 1829 wataalamu wa Chuo cha Ufaransa huko Paris walimpa Louise tuzo ya wema, nayo ilikuwa faranga 5,000. Aliyesimama kueleza sifa zake alikuwa Georges Cuvier, bingwa mashuhuri wa elimu ya wanyama. Binti wa Bellefosse aliyeanza kwa kufagia nyumba ya mchungaji sasa alitajwa mbele ya wakuu wa elimu wa nchi yake. Fedha hizo alizitumia katika kazi yake ya watoto. Akafa mwaka 1837.

Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1840, Friedrich Froebel huko Ujerumani alizipa shule za watoto wadogo jina la bustani ya watoto, na jina hilo likaenea duniani. Walimu waliosomea kazi hiyo wanamjua Froebel. Lakini miaka 70 kabla yake, katika vijiji maskini vya milimani, wasichana wa wakulima walikuwa wamekwisha fanya kazi hiyo chini ya Oberlin.

Basi tujiulize wenyewe. Leo katika mitaa yetu kuna wasichana na akina mama wanaowakusanya watoto wa chekechea asubuhi, wengine chini ya mti, wengine katika chumba cha kanisa. Je, mtaa umewapa jina la heshima? Umewapeleka kufundishwa? Waujua ujira wao, nao huupata kwa wakati? Na mmoja akiugua au akiolewa mbali, yuko mwenzake aliyetayarishwa kushika mahali pake? Oberlin aliyatimiza hayo manne katika nchi ya mawe na theluji, akianza kwa fedha za mfukoni mwake. Nasi tusingoje utajiri ndipo tuanze. Tuanze kwa kumtazama yule aliye kama Sara kati yetu, ambaye tayari anaifanya kazi hiyo mlangoni pake, tena bure, na baba yake ananung'unika kwa haki.