Walter Tull, Mchezaji wa Mpira

Msafiri ashukaye Feri katika mji wa Dar es Salaam, akaelekea Kariakoo, aweza kupita penye sanamu ya askari mweusi ashikaye bunduki yenye singe. Ilisimamishwa mwaka wa 1927 kuwa ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi hao, ambao Waingereza waliwaweka huko baada ya kuutwaa mji mwaka wa 1916. Leo katika mitaa hiyo zimo nyumba za vilabu vya Yanga na Simba, na habari za mpira hazina mgeni. Katika vita ile ile, lakini huko Ulaya, alikuwako mtu mweusi aliyejulikana kwanza kwa mpira, kisha kwa ushujaa. Jina lake Walter Tull.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1888 katika mji wa Folkestone, pwani ya Uingereza. Baba yake, Daniel, alikuwa seremala, mwenyeji wa Barbados, kisiwa ambacho zamani watu walichukuliwa Afrika wakapelekwa kulima miwa utumwani. Baba wa Daniel mwenyewe alikuwa mtumwa. Mama yake, Alice, alikuwa Mwingereza. Mama huyo alikufa mwaka wa 1895, na mwaka wa 1897 baba naye akafa. Mama wa kambo alibaki na watoto wengi, wala hakuwa na mali; ikawa hana budi kumpeleka Walter pamoja na kaka yake Edward katika nyumba ya mayatima ya Wamethodisti huko London. Baada ya miaka 2, Edward akachukuliwa na jamaa moja ya mji wa Glasgow, wakamlea kama mwana wao, na mwisho akawa mganga wa meno. Walter akabaki. Kwa mtoto aliyekwisha kufiwa na wazazi wote wawili, kuachana na ndugu yake ni msiba wa tatu.

Huko alifundishwa kazi ya kupiga chapa, tena akacheza mpira na mayatima wenziwe. Mwaka wa 1908 akaingia klabu ya Clapton, ambayo wachezaji wake hawakulipwa, na katika msimu mmoja wakashinda vikombe 3. Ndipo mwaka wa 1909 Tottenham Hotspur, klabu ya daraja la kwanza, wakamwajiri. Siku zile mshahara mkubwa kabisa wa mchezaji ulikuwa paundi 4 kwa juma.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Tottenham walikwenda kucheza katika mji wa Bristol. Baadhi ya watazamaji wakamtukana Walter kwa ajili ya rangi yake, kwa maneno yasiyofaa kuandikwa. Yeye hakujibu, akaendelea na mchezo. Mwandishi wa gazeti aliyekuwapo alimsifu kwamba kwa usafi wa nia na wa mchezo alikuwa mfano kwa wachezaji weupe wote. Walakini haukupita muda mrefu, akaondolewa katika timu ya kwanza, naye alikuwa amecheza michezo 10 tu ya ligi na kutia magoli 2. Ni vigumu kuamini kwamba makelele ya Bristol hayakuwa na sehemu katika jambo hilo.

Aliyemwokoa ni Herbert Chapman, mkuu wa timu ya Northampton, mtu ambaye baadaye alipata sifa kubwa katika Arsenal. Alimchukua mwaka wa 1911, na Walter akaichezea Northampton zaidi ya michezo 100.

Vita ilipoanza aliacha mpira, na Desemba 1914 akaandikwa katika kikosi cha wacheza mpira. Akapanda hata kuwa sajini. Huko Ufaransa mshindo wa mizinga ulimwumiza akili, akarudishwa Uingereza kupona, kisha akarejea vitani penye mto Somme. Sheria ya jeshi ilikataza mtu asiye wa asili ya Ulaya tupu kuwa afisa wa kuwaamuru askari. Lakini wakubwa wake walikuwa wamemwona kazini, wakampeleka kusomea uafisa. Na Mei 1917 akafanywa luteni usu. Sheria haikufutwa, ilirukwa tu.

Akapelekwa Italia. Usiku mmoja wa baridi kali, mwanzoni mwa mwaka wa 1918, aliwaongoza watu 26 kuvuka mto Piave mpaka upande wa adui, akawarudisha wote salama, hata mmoja hakupotea. Jemadari wake akamsifu kwa ushujaa na utulivu.

Tarehe 25 Machi 1918, alipokuwa na miaka 29, alipigwa risasi huko Ufaransa, Waingereza wakirudi nyuma mbele ya Wajeremani. Askari wake Tom Billingham, aliyekuwa zamani mlinda goli wa Leicester, alijaribu kumchukua katikati ya risasi, asiweze. Mwili wake haukuonekana tena. Afisa mmoja alimwandikia Edward kwamba ndugu yake alikuwa ameombewa nishani, lakini nishani hiyo haikutolewa. Jina lake limechongwa katika mawe huko Arras, pamoja na maelfu ya wenziwe wasio na kaburi; na mwaka wa 1999 watu wa Northampton wakamjengea ukumbusho kando ya kiwanja chao cha mpira.