Niels Bohr, aliyezipa elektroni ngazi zake

Mwanafunzi wa kemia, awe Mbeya au Iringa, hukaririshwa namba hizi: 2, 8, 8. Mzazi anayemsikia akizirudia jioni huenda akajiuliza zimetoka wapi. Sehemu kubwa ya jibu imo katika maisha ya Niels Bohr.

Alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1885. Mwaka 1912, akiwa Uingereza, alikwenda kwa Ernest Rutherford, aliyekuwa ameonesha kwamba katikati ya atomu kuna kiini kidogo, kizito. Elektroni hukizunguka. Lakini kwa fizikia ya wakati ule, zilipaswa kupoteza nishati na kukiangukia kiini kufumba na kufumbua. Mbona basi Mlima Rungwe bado umesimama?

Mwaka 1913 Bohr alijibu kwamba elektroni hukaa kwenye ngazi maalumu tu. Hakuna kukaa katikati ya ngazi mbili. Ya kwanza hubeba elektroni 2, na zilizo ngazi ya nje ndizo huamua tabia ya atomu. Chukua heliamu, gesi ambayo mwaka 2016 watafiti walitangaza kuipata kwa wingi katika bonde la Ziwa Rukwa, jirani zetu. Ina elektroni 2 tu, ngazi yake imejaa, ndiyo maana haiungani na kitu.

Kisa tunachokipenda zaidi ni cha elementi ya 72. Mkemia mmoja wa Ufaransa alidai ameipata katika kundi la metali ziitwazo adimu. Bohr, akihesabu ngazi zake, alikataa: lazima ifanane na zirkoniamu. Kama angekosea, nadharia yake ingetiwa shaka mbele ya dunia. Desemba 1922, akiwa Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel, alipigiwa simu na Dirk Coster. Yeye na George de Hevesy walikuwa wameiona, tena ndani ya madini ya zirkoniamu! Bohr akaitangaza katika hotuba yake. Ikaitwa hafniamu, kwa jina la Kilatini la Copenhagen.

Miaka michache baadaye wanasayansi walionesha kuwa elektroni haina njia kamili kama ya gari. Ipo kama wingu, nalo huitwa obitali. Namba za darasani zilibaki.

Mama yake alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1943, alipodokezwa kuwa Wajerumani wangemkamata, Bohr alivuka bahari usiku kwa mashua hadi Sweden. Vita vilipokwisha alirudi Copenhagen, na huko akafariki mwaka 1962.