Wakili aliyechukua kesi zilizokimbiwa

Umeapishwa juzi, umekodi chumba karibu na Mahakama Kuu ya Kakamega, kibao kiko mlangoni na simu hailii. Kuandama watu nje ya mahakama wakupe kesi ni kosa kisheria. Kujitangaza mawakili waliruhusiwa mwaka wa 2014, tena kwa masharti. Sasa mteja utamtoa wapi?

Hebu msome C.M.G. Argwings-Kodhek. Ni jirani yako kabisa: Mto Yala unaopita msitu wa Kakamega ndio unaoteremka hadi Gem, Siaya, alikozaliwa mwaka wa 1923. Herufi hizo ni Clement Michael George, ila mashabiki wake walizigeuza kuwa jina la sifa la Kijaluo, Chiedo Mor Gem.

Alisomea sheria Uingereza, akarudi mwaka wa 1952 akiwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini. Serikali ya mkoloni ikamtaka afanye kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu kwa theluthi moja ya mshahara wa Mzungu. Akakataa, akafungua ofisi yake Nairobi.

Fikiria hesabu zake. Matajiri walikuwa Wazungu na Wahindi, na walikuwa na mawakili wao. Waafrika wengi hawakuwa na pesa. Halafu Oktoba mwaka huohuo ikatangazwa hali ya hatari, na ghafla kukawa na watu chungu nzima waliohitaji wakili kufa kupona. Kukutwa na risasi tu kungekufikisha kwenye kitanzi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa kesi za Mau Mau. Serikali ilimlipa wakili ada kidogo amtetee mshtakiwa maskini katika kesi ya kifo, na wengi hawakutaka kuguswa na kesi hizo. Kodhek, pamoja na mawakili kadhaa Wahindi, alizichukua. Walowezi wakambandika jina la wakili wa Mau Mau. Walidhani ni tusi, kumbe ndilo lililomtangaza kuliko kibao chochote.

Mwaka wa 1955 akaanzisha chama cha siasa Nairobi. Ungedhani sasa jina limeiva, kilichobaki ni kuvuna. Machi 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wabunge wao, aligombea Nairobi, akabwagwa na Tom Mboya, kijana wa vyama vya wafanyakazi.

Mboya alikuwa moto, hilo halipingiki. Lakini angalia wateja wa Kodhek walikuwa wapi siku hiyo. Wengine walikuwa makaburini, wengine kambini. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wamezolewa Nairobi katika msako wa 1954, na waliobaki hawakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha uaminifu kwa serikali. Deni la shukrani lilikuwepo, wa kulilipa ndio hawakuwepo.

Alingoja hadi 1963, akaingia bungeni kwa kura za nyumbani Gem, kisha akawa waziri. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje alipofariki Nairobi tarehe 29 Januari 1969. Serikali ilisema ni ajali ya barabarani, na wapo ambao hawakuamini kamwe. Barabara hiyo ya Hurlingham leo ina jina lake, na mawakili kibao wamekodi ofisi kando yake.