Umar bin Abdulaziz na Zaka ya Khurasan

Umar bin Abdulaziz, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa baba alikuwa mtu wa Banu Umayya, na kwa mama alikuwa kitukuu cha Sayyidna Umar bin Khattab. Ujana wake aliupitisha Madina katika neema, akisifika kwa nguo za thamani na manukato. Haya twayataja kwa kuwa wako wadhanio kuwa uchaji ni wa waliozaliwa mafukara tu.

Aliposhika ukhalifa mwaka 99 wa Hijra (717), alirudisha katika Baitul Mali mashamba aliyoyarithi. Na mkewe, Bi Fatima binti Abdulmalik, binti wa khalifa na dada wa makhalifa, akatoa vito vyake vikaingia humo humo.

Kisha ikaletwa Sham zaka iliyokusanywa Khurasan. Mali imekwisha fika, na Sham nako hakukosi wahitaji. Lakini aliamuru irudishwe ilikotoka. Alifuata agizo la Mtume (S.A.W.) kwa Muadh bin Jabal alipomtuma Yemen, kuwa zaka itwaliwe kwa matajiri wa watu wale na warudishiwe mafukara wao. Tajiri wa mji ana deni, na mdai wake ni jirani yake.

Liwali wake wa Iraq alimwandikia kuwa watu wamekwisha pewa haki zao na mali imebaki. Akamwamrisha amlipie deni kila aliyekopa bila ya upumbavu wala israfu. Ikabaki. Akamwamrisha awatolee mahari vijana wanaotaka kuoa nao hawana kitu. Ikabaki tena, ndipo alipoamrisha wakulima wa kidhimma walioshindwa kulima ardhi zao wakopeshwe, wala wasidaiwe mwaka ule wala wa pili.

Tazama mpango huo, ewe msomaji, kisha tazama milango ya maduka yetu katika Ramadhani: kina mama wamepangwa juani, kila mmoja atoka na sarafu zisizotosha futari ya siku moja, na mwenye duka adhani ametoa zaka. Kwa Umar deni lililipwa likaisha, na kijana akaoa.

Imepokewa pia kuwa Yahya bin Said, aliyetumwa kukusanya zaka ya Ifrikiya, hakupata fukara wa kumpa, akanunua watumwa akawaacha huru.

Alitawala miaka miwili na miezi kama mitano. Alifariki Rajab mwaka 101 (720) huko Dair Samaan, katika nchi ya Sham, naye ana umri wa miaka kama 40. Imepokewa kuwa mahali pa kaburi lake alipanunua mwenyewe. Mwenye ardhi, mtu wa kidhimma, alitaka kumpa bure, naye akakataa mpaka amlipe.